Ukurasa wa Neno Ulaya

Majengo, Pumwani, Nairobi
12 Januari 1957

Kwa dada yangu Lela binti Muhidin,

Asalaam aleikum. Natumaini wewe na Babu mnaendelea vizuri, na kwamba kikohozi cha Babu kimetulia tangu alipohamia joto la Mombasa. Sisi hatujambo. Baba anakusalimu, duka linakwenda. Juzi askari walipita tena mtaani kukagua vipande vya kitambulisho, lakini hawakumchukua mtu wa nyumba yetu, alhamdulillahi. Mama anakusalimu kuliko sisi sote. Barua yako ya mwezi uliopita aliisoma jikoni, kisha akaisoma tena kwa jirani akimwonyesha jinsi mwandiko wako wa herufi za Kiarabu ulivyonyooka. Mimi, kama unavyojua, katika herufi hizo sijavuka sura fupi za chuo cha Kurani. Kwa hiyo kila unachoniandikia nakisikia kwa mdomo wa Mama.

Habari yangu ni kwamba nimemaliza shule. Nimefaulu darasa la nane. Mwalimu ameandika katika cheti changu kwamba mimi ni mtulivu kupita kiasi. Sasa asubuhi nakaa dukani, Baba akienda mjini kutafuta vitambaa na vifungo. Mteja akiingia namsalimu, na baada ya salamu maneno yananiishia.

Wiki iliyopita aliingia bibi mmoja wa hapa Majengo, akataka kitambaa cheupe. Nikamtolea kilichofika karibuni. Akakisugua kwa vidole viwili, akasema, "Hiki ulayiti, mwanangu. Kikifuliwa mara moja nitaona jirani anapika nini. Nipe marekani, ile nzito." Nikampa marekani. Alipoiona kalamu yangu ya wino juu ya meza, akaishika kama yai na kusema, "Mashaallah, kalamu ya ulaya hii." Nilikaa siku nzima nikiwaza. Ulayiti na ulaya ni neno moja, na bibi ni yuleyule. Alipoingia alilitumia kudharau, na kabla hajatoka mlangoni akalitumia kusifu. Namwomba Babu anieleze neno hilo limetoka wapi.

Na jambo lingine. Kabla Babu hajaondoka hapa, aliniahidi mbele ya Mama kwamba nikimaliza shule, daftari lake la maneno litakuwa langu, nilinakili kwa herufi za shule, hizi za Kizungu, ili wanaokuja waweze kulisoma. Daftari hilo mimi nimelijua tangu likiwa na kurasa kumi. Wakati macho yake yangalipo, mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia kidau cha wino. Tafadhali mkumbushe. Mwambie Muhiba amemaliza.

Mpe shukrani zangu Bwana Phares, karani wa reli, kwa kuwasomea barua zangu.

Mdogo wako,
Muhiba binti Hamidi

*

Kuze, Mombasa
16 Februari 1957

Kwa mdogo wangu Muhiba,

Waaleikum salaam. Mama mdogo, najua wewe ndiye unayesoma, nakubusu mikono yote miwili. Tui la samaki ulilonifundisha nimelipika Ijumaa na Babu aliomba tena. Kikohozi kimepungua. Macho hayana jipya, anatambua kumekucha na kumekuchwa, basi.

Muhiba, hongera. Babu aliposikia umefaulu akataka kahawa, na alipoletewa akasahau kuinywa.

Usinihesabie kuchelewa. Bwana Phares amehamishiwa Voi tangu mwanzo wa Januari, na mtaa huu sina mwingine wa kumwendea kila siku. Kwa hiyo barua yako tumeisoma wenyewe. Mimi herufi za shule nilikuwa sizijui, Babu anazijua lakini hazioni. Nikaketi karibu na kitanda chake baada ya alasiri, nikamwambia ninachokiona. Babu, hapa kuna kijiti chenye nukta kichwani. Hiyo ni i, akasema. Babu, hapa kuna duara limeegemea ukuta. Ukuta uko kulia au kushoto? akauliza. Hivyo hivyo, herufi kwa herufi. Neno marekani lilituchukua siku nzima, na lilipotoka Babu alicheka mpaka kifua kikamuuma. Nashukuru kwamba unaandika herufi zako moja moja, zimeachana vizuri kama shanga.

Kuhusu swali lako, Babu anasema neno Ulaya limemshinda. Ameliachia ukurasa mtupu katika daftari miaka mingi. Anachokijua ni kwamba bibi yake alikuwa akisema Ulaya Wareno, yaani nchi ya Wareno, na wazee wengine walisema Ulaya Hindi. Kwa hiyo hapo zamani halikuwa jina la mahali pamoja. Anasema neno lililosafiri huulizwa msafiri. Huko Eastleigh yuko Mzee Samatar, aliyefanya kazi ya kutia makaa katika meli. Mwendee, umwambie umetumwa na Abdurahim.

Babu pia ameniambia nianze kulinakili daftari kwa herufi za shule ili mkono wangu uzoee. Nimenakili kurasa sita. Sisi ambao hatukukalia madawati tunajitahidi hivyo hivyo.

Wako,
Lela

*

Majengo, Pumwani, Nairobi
23 Februari 1957

Kwa dada Lela,

Salamu nyingi. Barua yako imefika na Mama ameisoma mara tatu, hata tulipokwisha kuielewa. Amesema ningekuwa na upole wako angelala usingizi. Sisi wazima. Baba ana mafua.

Nafurahi kwamba unajifunza. Nitamtafuta Mzee Samatar nikipata nafasi.

Ndani ya bahasha hii nimetia barua nyingine, iliyofungwa, ya Babu peke yake. Nimeiandika kwa haraka, herufi zimeshikana, hutaziweza. Tafadhali mtafutie mtu aliyesoma shule amsomee. Usijisumbue nayo.

Muhiba

*

(Barua iliyofungwa)

23 Februari 1957

Babu yangu, shikamoo.

Mimi ni Muhiba. Nimeziunganisha herufi hizi makusudi, ili maneno yafike kwako peke yako.

Babu, uliniahidi mimi. Ulisema nikimaliza shule daftari ni langu, na kwa ajili ya hilo nilisoma hata siku nilizokuwa na homa. Sasa nasikia Lela ndiye anayenakili. Lela hajui kusoma. Anatambua vijiti na duara tu. Wala hajui thamani ya neno. Mkononi mwake daftari lako ni karatasi ya kufungia njugu. Akikosea neno moja nani atajua, na wewe huoni?

Miaka saba nilikaa karibu nawe hapa barazani. Wewe nimeshakukosa, nisilikose na daftari. Naomba unitumie kabla hajaliharibu. Na ninaomba asijue kwamba nimekwambia.

Mjukuu wako,
Muhiba

*

Majengo, Pumwani, Nairobi
30 Machi 1957

Kwa dada Lela,

Asalaam aleikum. Mwezi wa Ramadhani unakaribia, Mungu atufikishe sote. Mafua ya Baba yamekwisha. Mama amekwisha kununua tende na anauliza kama huko zimepanda bei. Wiki tano zimepita bila neno kutoka kwenu. Kila posta inapofika, Mama hunituma, na kila ninaporudi mikono mitupu hunitazama kana kwamba nimeiangusha barua njiani.

Nilikwenda kwa Mzee Samatar. Nilikwenda mara tatu, kusema kweli. Mara ya kwanza nilifika mlangoni pa duka lake la samli nikapita moja kwa moja, kama mwenye haraka. Mara ya pili nikasimama ng'ambo ya barabara mpaka binti yake, Falis, aliyesoma nami, akaniona. Mara ya tatu Falis alinishika mkono akaniingiza, akamwambia baba yake kwamba hapa pana mtu amekuja kununua neno na anaona aibu kuuliza bei.

Mzee Samatar ni mrefu, na mikono yake ina alama za moto mpaka kwenye viwiko. Nilimwambia nimetumwa na Babu Abdurahim. Akaniletea kiti na chai ya maziwa, akaniacha ninywe kwanza. Kisha akaniambia kwamba neno lenyewe ni la Kiarabu, wilaya, maana yake nchi iliyo chini ya mtawala. Lakini yeye hakulijua kitabuni, alilijua chini, kwenye tanuri za meli. Mabaharia wa Kihindi walilitamka kwa namna yao, wakikusudia nchi ya Waingereza. Na maofisa wa Kiingereza, walioishi miaka mingi India, wakalichukua neno hilo hilo kwa Wahindi, wakawa wakiitaja nchi yao kwalo.

"Mimi nilidhani ni jina la mji mkubwa," alisema. "Halafu nikamsikia ofisa mmoja mgonjwa. Alikuwa na homa, tunambeba kumpandisha juu apate hewa, na analitaja neno hilo tu. Analitaja kama mtoto anavyomtaja mama yake. Ndipo nikafahamu, binti. Hakuwa akisema mbali. Alikuwa akisema kwetu."

Nilimwuliza mbona basi sisi tunaliita ulaya kila kitu kigeni, kizuri na kibaya. Akasema ni kwa sababu sisi hatukumwona mama yake. Tuliona masanduku tu yakishushwa.

Nimeyaandika yote nisije nikasahau. Mwambie Babu. Na tafadhali niambie, ile barua yake ya ndani ameipata? Nani amemsomea? Kama bado, labda si lazima kusomwa. Haikuwa na jambo kubwa.

Muhiba

*

Kuze, Mombasa
20 Aprili 1957

Kwa mdogo wangu Muhiba,

Waaleikum salaam. Mama mdogo, Ramadhani njema. Tende zimepanda, lakini jirani ametupa za kutosha. Babu amekatazwa kufunga kwa sababu ya kifua, naye anasema hajakatazwa na mtu anayemwogopa, kwa hiyo tunagombana kila siku adhuhuri. Nguo ya sikukuu nimeshona mwenyewe.

Maneno ya Mzee Samatar yamemfurahisha Babu. Tumeyasoma mara mbili.

Ile barua ya ndani imefika. Inasomwa.

Lela

*

Kuze, Mombasa
25 Mei 1957

Muhiba,

Barua hii nimeiandika kwa herufi za shule. Ni ya kwanza katika maisha yangu. Imenichukua siku nne. Nimefanya hivyo ili uisome peke yako, isipite kwa Mama mdogo. Kama kuna herufi imegeuka, utanisamehe.

Ulisema nimtafutie Babu mtu aliyesoma. Sikumtafuta. Uliandika kwamba sitaziweza, nami nikaona nitakuonyesha. Hilo ni kosa langu na ninalikiri. Nilimwambia Babu kwamba barua ni yake peke yake. Akasema, "Peke yangu sina macho. Soma."

Zile herufi zilikuwa zimeshikana mikono kama watoto wa chuo wakivuka barabara. Sikujua huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi. Ilibidi nichore kila moja kwa kidole katika kiganja cha Babu. Yeye akisema hii ni h, hii ni a. Siku nyingine tulipata maneno mawili. Siku nyingine hatukupata kitu. Ile alama ya mwanzo wa jina langu ilinishinda, kwa kuwa uliizungusha juu na chini. Babu akaifahamu. Akasema hiyo ni L kubwa. Nikafuata e, na l, na a. Nilifurahi, Muhiba. Nilisema, "Babu, ananitaja."

Siku chache baadaye tulipata hajui. Halafu kusoma.

Babu aliuvuta mkono wake. Akasema imetosha, iache. Mimi nikakataa. Nilikuwa nimehangaika na barua hiyo wiki sita, nisingeiacha kwa kuwa imekuwa chungu. Niliushika mkono wake nikachora zilizobaki. Karatasi ya kufungia njugu ilitushika siku tatu, kwa sababu ng ilinichanganya. Nilipofika pale ulipomwandikia kwamba yeye haoni, nilitaka kumdanganya. Ningeweza. Angejuaje? Lakini hapo ungekuwa umesema kweli juu yangu. Nikachora yote.

Ulipokwisha mstari wa mwisho aliurudisha mkono wake chini ya shuka. Kisha akaniuliza, "Mwandiko wake ukoje?" Nikasema ni mzuri sana. Akasema, "Basi mpelekee. Nilimwahidi."

Daftari linakuja na Mzee Burale, yule mfanyabiashara wa ngozi, ambaye atapanda treni wiki hii. Nimelifuta vumbi. Sijalipunguza hata ukurasa.

Nakala yangu imefika ukurasa wa hamsini na mbili. Sitaendelea, kwa kuwa hakuna tena cha kunakili.

Nina neno moja la kwangu, kisha basi. Nilipokuwa na miaka tisa mama yangu alikufa, na Babu alikuwa kwenu Nairobi. Kila mtu aliyetoka huko alitueleza jinsi Babu anavyokaa barazani na Muhiba, na Muhiba anashika wino. Nilikuchukia bila kukuona. Alipokuja huku akiwa kipofu, nilishukuru Mungu moyoni, na nikaogopa shukrani yangu. Sasa unajua. Wewe ulipata macho yake, mimi nimepata masikio. Sikuona kwamba nimekuibia.

Lela

*

Majengo, Pumwani, Nairobi
29 Juni 1957

Dada Lela,

Shikamoo. Sikuwahi kukuamkia hivyo katika barua, na umenizidi miaka mitatu. Tangu leo nitakuamkia.

Sisi wazima. Naandika kwa herufi zilizoachana, moja moja, na nitaandika hivyo siku zote.

Barua yako niliisoma nyuma ya duka, nimekaa juu ya marobota. Hakuna herufi iliyogeuka. Nilipofika kwenye kiganja cha Babu nilishindwa kuendelea, mteja akaingia, nikampimia yadi tatu badala ya mbili, akaondoka akinishukuru. Sikumwita.

Siku iliyofuata Mzee Burale akaleta daftari. Mama alikuwa sokoni. Nilijifungia nalo. Nataka nikwambie ukweli, kwa sababu nimechoka na mambo ya kuficha. Jambo la kwanza nililolisikia lilikuwa furaha. Nililikumbatia. Nikasema ni langu, amenipa mimi. Kisha nikalifungua, na sikuweza kusoma hata mstari mmoja.

Nilikuwa najua kwamba Babu aliandika kwa herufi za Kiarabu. Nilimwona akiandika miaka saba. Lakini wakati huo kila alichokiandika alikitamka, na mimi nikadhani ninasoma naye. Kumbe nilikuwa nikishika wino. Nimekaa nalo wiki nne. Nimetambua alif, na be kwa nukta yake, na jina la Mungu juu ya kila ukurasa. Katika daftari zima nimesoma maneno kumi na moja, na mawili sina hakika nayo. Wewe uliyesoma barua yangu kutoka nukta ya kwanza mpaka ya mwisho, ndiye niliyesema hujui kusoma.

Mama alinikuta nalo. Akauliza limefikaje, na mbona Lela hakuandika kwamba linakuja. Ningeweza kusema lolote. Nikaenda kuichukua barua yako nikamsomea, yote. Mara hii mimi ndiye niliyesoma na yeye ndiye aliyesikiliza. Nikamweleza na niliyoyaandika mimi, neno kwa neno, kwa kuwa nayakumbuka. Hakunipiga. Aliendelea kupepeta mchele mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Wewe ulimficha mwandiko. Yeye akakufichia aibu." Usiku ule hakula.

Nimeuona ukurasa mtupu wa neno Ulaya. Mama alinionyesha ulipo, kati ya ulamaa na uledi. Nimeujaza. Nimefikiri sana kama nina haki, na nikaona kwamba Babu alinituma kwa Mzee Samatar na mimi nilikwenda, hata kama ilikuwa mara ya tatu. Nimeandika hivi:

"Ulaya. Kwa Kiarabu wilaya, nchi iliyo chini ya mtawala. Wazee walisema Ulaya Wareno na Ulaya Hindi, kila watu na nchi yao. Mabaharia na maofisa walilitumia kwa kutaja kwao. Sisi tuliolisikia kutoka vinywani mwao tukalifanya jina la kule tusikokujua, kisha la kila kitu kilichotoka huko, cha kusifiwa na cha kudharauliwa. Kwa hiyo anayelisema anasema nyumbani, na anayelisikia anasikia ugenini. Limeelezwa na Mzee Samatar wa Eastleigh, aliyetia makaa melini. Limeulizwa na Muhiba. Limesomwa na Lela."

Nimelijaribu kwa Mzee Samatar. Alisikiliza amefumba macho, akasema ni sawa, lakini niongeze kwamba makaa yenyewe yalitoka Ulaya na yalikuwa mabovu. Sikuongeza.

Sasa nakwambia nilichoamua, na Mama anakubali. Daftari linarudi. Mzee Burale anashuka Mombasa Alhamisi na nimelifunga ndani ya shuka kuukuu la Baba ili lisiloe. Ahadi ya Babu ameitimiza, limekuwa langu wiki nne, na kwa kuwa ni langu naweza kulipeleka nitakako. Huku limekaa kimya. Huko kila alasiri yuko mtu wa kulisoma na mtu wa kulisikia, na siwezi kumwondolea Babu sauti yake mwenyewe kwa sababu mimi nataka kitu cha kukumbatia.

Nakuomba uendelee kunakili kutoka ukurasa wa hamsini na tatu. Ukimaliza, nakala ile uliyoiandika wewe nitumie mimi. Hiyo ndiyo nitakayoitaka, na hiyo nitaisoma. Palipo na shaka utaniuliza, nami nikiweza nitakujibu. Mama ameanza kunifundisha herufi za Kiarabu jioni, baada ya vyombo. Anasema kichwa changu ni kigumu.

Sitakudanganya kwamba wivu umekwisha. Leo asubuhi nikilifunga daftari nilikuwaza umekaa pale kitandani, kiganja chake mkononi mwako, na nikalifungua tena fundo nililokwisha kulifunga. Nimeona afadhali nikwambie kuliko niuzungushe tena ndani ya mwandiko.

Mpelekee Babu shikamoo yangu. Kuhusu yale niliyomwandikia juu ya macho yake, sijui niombe msamaha kwa maneno gani. Nimeyatafuta na sijayapata. Nikiyapata nitamwandikia, nawe utamsomea.

Daftari likifika, msomee ule ukurasa wa Ulaya kwanza, ujue kama amefurahi. Na ukinijibu, andika kwa herufi yoyote upendayo. Mama anajua.

Mdogo wako,
Muhiba